Shanuo Kizimbani

Mpishi wa shule alikuwa na jibu moja kwa kila jeraha: "Nilianguka." Jicho likivimba, alianguka. Mkono ukiteguka, alianguka. Walimu walibaki kushangaa: mwanamke anayebeba uji wa watoto mia tatu bila kumwaga tone, vipi nyumbani kwake hawezi kuvuka kizingiti?

Safari hii alishtaki. Alhamisi hakimu angeamua kama mume, ambaye kwa sasa alikuwa amejibanza kwa kaka yake, azuiwe kurudi nyumbani au arudi na ufunguo wake mfukoni. Na mpishi alijijua. Lile neno lake likimponyoka mbele ya hakimu, kesi imekwisha.

Jumatatu msusi wa mtaani akafunga saluni mapema, ili yeye na mama mkwe wamfanyishe mpishi mazoezi ya kesi. Alikuwa amesomea usaidizi wa sheria, na wanawake wa mtaani walimjia kwa nywele na kwa kesi, mara nyingi kwa vyote viwili. Akajivika shuka la kunyolea, akapanda kiti kirefu chini ya mashine ya kukaushia nywele, akashika shanuo la mbao. Hakimu huyo!

Mume aliigizwa na mama mkwe. Bibi huyo alipandisha mabega, akakohoa kiume.

"Mheshimiwa, mke wangu mzembe tu. Anajikwaa ovyo."

Mpishi alicheka hadi akashika mbavu. "Mama, umeyatoa wapi hayo?"

"Si nimemzaa mimi? Tangu mdogo, kikombe kikivunjika, ni paka. Na paka hatukuwa naye." Halafu uso wake ukabadilika. "Wanasema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mimi nilimchelea, mwanangu, ukalia wewe."

Mpishi akamshika mkono.

"Kimya mahakamani!" akafoka msusi, naye anajifuta machozi kwa shuka. "Wewe, uliumiaje?"

"Nilianguka."

Ko! Shanuo likagonga kiti.

"Uliumiaje?"

"Nilian..."

Ko! Mazoea yana taabu. Jioni ile mpishi alianguka mara kumi na moja, na ya kumi na mbili akasimama. Msusi akamtilia lile shanuo mkobani.

Alhamisi ikafika. Mpishi alikuwa amejiandaa kwa ukali wa msusi, kumbe hakimu ni mzee mpole, miwani inamteleza puani, sauti kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa. Hapo ndipo mpishi alipoishiwa nguvu. Watu wapole ndio aliozoea kuwadanganya, asiwasumbue.

"Pole mama. Hebu niambie, uliumiaje?"

"Nilian..."

Ko!

Karani akainua kichwa. Mume akageuka kumtafuta mchawi wake, lakini msusi alikuwa benchi la nyuma, mikono mitupu magotini.

"Nani amegonga?" hakimu akauliza.

"Ni mimi, mheshimiwa." Mpishi aliinua shanuo. "Naomba nianze upya. Sikuanguka. Mume wangu alinipiga. Na zile nyingine zote, alinipiga."

Mume akasimama, akapandisha mabega, akakohoa.

"Mheshimiwa, mke wangu mzembe tu. Anajikwaa ovyo."

Neno kwa neno! Msusi akauma ncha ya mtandio wake asicheke. Mama mkwe ndiye aliyeshindwa kunyamaza. Aliinuka taratibu, akamtazama mwanawe kwa huzuni.

"Mwanangu," akasema, "hatukuwa na paka."

Hakimu alitaka kujua paka gani, bibi akaitwa kizimbani akaeleza yote, ya vikombe na ya kipigo. Kabla ya saa sita amri ilikuwa imeandikwa: mume asikanyage pale nyumbani.

Wiki iliyofuata maji yalimwagika jikoni shuleni, na mpishi akateleza, chini pu! Walimu wakaja mbio, wakamkuta amekaa sakafuni. Walitazamana, hakuna aliyethubutu kuuliza. Mpishi alikuwa akicheka hadi kilemba kimemvuka.

"Jamani, leo nimeanguka kweli," akasema. "Nipeni mkono."