Ekzosi ya Wamae

Jagdish aliweka ekzosi mbili za pikipiki juu ya kaunta ya duka lake mjini Nyeri. Ya kwanza ilikuwa nene, na ilimeza sauti ya injini kiasi kwamba mtu angepita karibu na mtoto aliyelala asimwamshe. Ya pili ilikuwa bomba tupu. Jagdish mwenyewe hakuipenda. Alimwambia Wamae kwamba ile ingemletea ugomvi na majirani.

"Ndiyo hiyo nataka," Wamae alisema.

Wamae alikuwa seremala wa kijiji cha Wamagana, na kila alfajiri alikwenda kazini mjini kwa pikipiki kuukuu aliyouziwa na Mzungu mmoja aliyerudi kwao baada ya uhuru. Njia yake ilipita langoni kwa Kingori, jirani aliyekua pamoja naye. Mwaka wa hamsini na nne, wakati Waingereza wakiwasaka Mau Mau, wanaume wa kijiji walipangwa mstari mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Mtu yule hakusema neno. Aliyemtikisia kichwa alipandishwa lori. Wamae alipotikisiwa aliinamisha macho, akaona miguu chini ya gunia, na wa kushoto haukuwa na kidole gumba. Miguu ile aliijua tangu utotoni. Alikaa kizuizini miaka mitano, na aliporudi akakuta mama yake amezikwa.

Tangu siku ile ya dukani, alipofika langoni kwa Kingori alfajiri alivuta mafuta mpaka mabati ya nyumba yakatetemeka. Kuku walitawanyika. Siku moja alikuta miiba imetandazwa barabarani. Akashuka, akaitupa yote ndani ya ua wa Kingori, akaingurumisha injini pale pale kwa muda mrefu kuliko siku zote. Mlango haukufunguliwa.

Kelele zile zilipoingia mwezi wa tatu, Warigia, mke wa Kingori, alimngoja njiani. Alimweleza kwamba mumewe halali tena. Huamka kabla ya jogoo na kukaa nyuma ya mlango akingoja ile sauti.

"Baba Gathoni, nakuomba, badilisha hiyo kitu."

"Mwambie aje aniombe mwenyewe. Na aje bila gunia."

Mama yule aliinamisha kichwa, akaenda zake. Wamae hakumhurumia, ingawa alijaribu.

Jumatatu iliyofuata Kingori alikuwa amesimama katikati ya barabara, panga mkononi. Wamae alifunga breki hatua mbili kutoka kwake, akazima injini. Walitazamana. Kingori alikuwa amezeeka vibaya, macho mekundu.

"Ni mimi," alisema. "Ile siku, ni mimi nilikuonyesha. Umesikia?"

Hakusema pole, wala Wamae hakuitarajia. Miaka yote alikuwa amefikiri kwamba akimsikia Kingori akikiri angemrukia shingoni. Sasa aliona tu kwamba amechoka.

"Nimesikia," alijibu. "Toka barabarani."

Kingori akasogea kando.

Kuanzia kesho yake, Wamae alizima injini juu ya mteremko, akaiacha pikipiki iteleze yenyewe kupita lango lile. Hakuwa amemsamehe. Hawakusalimiana tena, hata kanisani, na mwaka uliofuata Kingori alipouza shamba na kuhamia Timau, kijiji kizima kilikwenda kumuaga. Wamae alishinda kutwa nzima akipiga randa mbao.