Kilo Mbili na Robo za Ndevu

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika tano, karani wa masjala alifungua chumba cha mafaili, akatundika mkoba wake kwenye msumari, akatandaza gazeti la zamani sakafuni, akavuta droo ya tatu ya kabati la pili na kuanza kupunguza ndevu. Zilikuwa zimeota sana wiki ile, mvua huzistawisha. Alikata kwa mkasi wa ofisi, ule uliofungwa kamba ili watu wa uhasibu wasiuazime moja kwa moja. Alipommaliza wa mwisho alipuliza vinywele vilivyobaki kwenye barua, akafunga droo, akavuta ya nne. Humo walikaa wanawake. Ndevu hawakuwa nazo, lakini misuko yao ilikuwa imefumuka na kujiviringisha kwenye klipu za karatasi.

Zilikuwa picha za pasipoti. Kila aliyeomba kazi halmashauri aliambatisha picha, barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa, ikaingia droo kusubiri. Na anayesubiri sana ataota ndevu tu, hata akiwa picha. Waombaji walifika elfu nne na mia mbili. Waliopata kazi kidevu kikiwa bado laini ni wale tu waliokuja na kimemo.

Kimemo kilikuwa kikaratasi kilichokunjwa mara nne, kutoka kwa mtu mwenye kiti kikubwa mahali fulani: *Mleta kimemo hiki ni wa kwetu, msaidie.* Barua yenye kimemo haikuijua droo. Ilipita sebuleni moja kwa moja, kama mkwe mwenye zawadi.

Karani huyo, ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Mkasi, alikuwa na barua yake mle mle. Kwa miaka kumi na saba alifanya kazi ya karani wa masjala kwa mkataba wa kibarua, miezi mitatu mitatu, huku nafasi ya karani wa masjala ikihesabiwa kuwa wazi. Mwisho wa mwezi wa saba angetimiza miaka arobaini na mitano, na sheria haikuruhusu mtu wa umri huo kuajiriwa serikalini kwa mara ya kwanza. Wifi yake, waliyeishi naye nyumba moja, hakumwacha apumue.

"Wifi, uchumba gani huu wa miaka kumi na saba? Huyu serikali wako ana nia kweli, au anakupotezea muda?"

"Ana nia. Ila ana haya."

"Haya ya kuku kwenye mtama!"

Mwezi wa tatu Mkuu wa Utumishi aliingia masjala akiwa na tangazo mkononi. Kulikuwa na wafadhili waliotoa ruzuku kwa halmashauri zinazotaka kuajiri kwa mtandao: mwombaji anajaza fomu kwenye simu, kompyuta inapanga watu kwa sifa, basi. Pamoja na kompyuta lilikuwepo gari.

"Bi Mkasi, wewe ndiye unayejua mafaili. Tuandikie andiko la mradi. Gari usilisahau."

Aliandika kwa wiki mbili, akitafuna kalamu. Swali la kwanza hadi la sita halikumsumbua. Kwenye lengo la mradi aliandika: *Kuondoa kimemo.* Swali la saba lilisema: eleza ukubwa wa tatizo kwa kipimo.

"Andika tatizo ni kubwa sana," alishauri Mkuu.

"Sana si kipimo, mzee."

Ijumaa aliazima mizani ya muuza vitunguu, akapima gunia la ndevu na mfuko wa nywele za wanawake, akaandika: *Ndevu za wiki moja, kilo mbili na robo. Nywele za wanawake, kilo tatu kamili.* Akaambatisha vyote viwili kama vielelezo.

Mkaguzi wa wafadhili alikuja wiki ya nne, mama mmoja mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Alitia mkono kwenye gunia, akasugua kidogo baina ya vidole.

"Hizi ni za waombaji wote?"

"Za wanaume tu. Za wanawake ziko mfuko huu."

"Mmetenganisha kijinsia. Vizuri sana." Akaweka tiki. "Halmashauri nyingine zimetuletea grafu. Grafu haishikiki."

Ruzuku ikatoka. Halmashauri yao ilikuwa ya kwanza kati ya arobaini! Mkuu alizunguka na lile gari kutwa nzima, akipiga honi hata kwenye barabara tupu. Fundi wa kompyuta akaja, akakaa masjala mwezi mzima akiingiza waombaji kwenye mfumo mmoja mmoja, na kila picha aliyoiweka kwenye mashine aliiambia itazame mbele. Karatasi zenyewe zilirudi kwenye droo, kwa kuwa hakuna aliyeandika barua ya kuruhusu zitolewe.

Kazi ya kwanza ya majaribio ilikuwa nafasi moja, karani wa masjala. Jumatano ya wiki ya mwisho ya mwezi wa saba watu walijaa ukumbini, mkaguzi akiwa mstari wa mbele. Fundi akabonyeza. Ukutani likatokea jina la Bi Mkasi, namba moja kati ya waombaji elfu nne na mia mbili, alama tisini na nane. Mbili alikatwa kwa mwandiko. Watu wakapiga makofi hadi wapishi wakatoka jikoni kuuliza nani kafunga bao.

Mkuu alimpa mkono. Kisha akamvuta pembeni.

"Hongera sana. Sasa lete kimemo."

"Mzee, mfumo si ndio umekiondoa?"

"Mfumo umekuchagua, na umechagua vizuri. Lakini barua ya ajira nasaini mimi. Nitasainije bila kujua wewe ni wa nani?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeuliza saizi ya viatu.

Zilibaki siku mbili kabla ya miaka arobaini na mitano. Jioni wifi yake alimwekea chakula, akamtazama akikizungushazungusha kwenye sahani.

"Humjui mkubwa hata mmoja?"

"Nawajua walio kwenye droo."

"Basi si nao ni watu? Wengine ni watu wazima sasa. Kula, wifi, ugali hauna kosa."

Alhamisi alipovuta droo ya tatu, mzee aliyeomba udereva miaka ishirini na moja iliyopita, na ambaye ndevu zake zilifika chini ya droo, alikohoa.

"Binti, leo usikate. Tupe karatasi na wino wa muhuri."

Picha ya pasipoti huishia mabegani, haina mikono. Dada aliyeomba ukatibu muhtasi alichovya ncha ya msuko wake kwenye wino, akaandika kwa mwandiko wa kutamanisha: *Mleta kimemo hiki ni wa kwetu. Msaidie.* Kisha wakasaini, wanaume kwa ndevu, wanawake kwa msuko, droo kwa droo, Bi Mkasi akigundisha karatasi mpya kila ya chini ilipojaa. Sahihi zilikuwa elfu nne mia moja tisini na tisa. Karatasi ilikunjwa mara nne, kama desturi ilivyotaka, na ikabidi wahudumu wawili waibebe kama godoro.

Ijumaa Mkuu aliisoma yote, kuanzia chai ya asubuhi hadi ya saa kumi. Alipofika mwisho alivua miwani.

"Bi Mkasi, mbona hukusema mapema kwamba unajulikana hivi?"

Akasaini saa kumi na dakika arobaini. Muhuri ukagongwa. Bi Mkasi akawa mtumishi wa kudumu, akiwa bado na saa saba na dakika ishirini za umri wake wa kisheria. Wifi yake alikuwa getini tangu saa nane, na alipoiona ile barua alipiga kigelegele kilichomfanya mlinzi afungue geti kwa gari ambalo halikuwepo.

Mkaguzi aliandika kwenye ripoti yake kwamba mfumo umefanya kazi kikamilifu. Mkuu naye alimwita fundi, akamwagiza aongeze sehemu moja tu mwishoni mwa fomu, yenye kinyota chekundu, maana usipoijaza huwezi kuendelea: *Ambatisha kimemo, kisizidi kurasa mbili.* Fundi aliiongeza kwa dakika tano.

Jumatatu Bi Mkasi alivuta droo ya nne na kutoa barua yake mwenyewe ili aihamishie kwenye faili la watumishi. Kati ya picha zote, ya kwake ndiyo pekee iliyofanana na mwenyewe. Walikuwa wamezeeka pamoja, chumba kimoja. Alipoitoa, pakabaki nafasi, nyembamba kama ukucha. Aliyekuwa nyuma akasogea mbele, na wa nyuma yake, na wa nyuma yake, kabati kwa kabati, hadi vyuma vikalia. Foleni ilikuwa imesogea kwa mtu mmoja, na masjala nzima ikashangilia.