Kome wa Wenyeji na Tuatara Kumi

Wazo la njia ya mkato lilikuwa langu. Nakubali, maana dada yangu Te Paea bado yu hai na anasoma kila ninachoandika.

Nilikata manyoya ya kondoo miaka arobaini katika vilima vile vya Canterbury, huku kwetu kusini mwa dunia, nikajiona nakijua kila kichochoro. Gari la ukoo lilikuwa na nguvu za farasi wawili, mmoja wao mgonjwa. Saa saba mchana, katikati ya nyasi kavu, yule mzima naye akafa. Hapakuwa na nyumba wala mto wenye maji. Kwa joto la Februari ile, nilimwona mwewe akitembea kwa miguu, anahama kutoka kivuli cha nguzo moja kwenda cha nguzo nyingine.

Nyuma ya gari tulikuwa na mirija kumi ya kadibodi, ile ya kupeleka ramani kwa posta, na katika kila mrija amelala tuatara mmoja. Ukimwona utasema mjusi, na Ailsa, daktari wa wanyama tuliyekuwa naye, atakusahihisha mpaka uombe radhi: ukoo wao umebaki peke yake duniani, wenzao waliisha zamani za madinosaria. Kwetu ni walinzi wa kisiwa chetu, tulikowatoa. Mkubwa wao, jike tuliyemwita Bibi, babu yangu alimkuta tayari mtu mzima. Jike hukaa miaka kadhaa ndipo atage, mayai hulala ardhini mwaka na zaidi, na panya huyamaliza kwa usiku mmoja. Ndiyo maana tulikuwa tunawapeleka kwa wenyeji wetu wa kusini, kwenye msitu wenye uzio asioupita panya. Kisiwa kikipatwa na balaa, mbegu isipotee.

Ailsa alifungua mlango wa nyuma, akaangalia kipimajoto. "Nyuzi ishirini na mbili. Mzee Tiopira, nipe barafu."

"Barafu gani?"

"Za kwenye boksi la baridi. Nimezigandisha mwenyewe, pakiti kumi na mbili."

Nikatazama viatu vyangu. "Boksi lilikuwa dogo. Asubuhi nilizitoa, nikaweka kome."

Sikuweka kwa ulafi. Huwezi kuingia kwenye uwanja ambao watu hukupokelea wewe mgeni, na mikono mitupu. Familia nne za kwetu zilipiga mbizi siku tatu kupata kome wale, wakagandishwa, wawe juu ya meza ya wenyeji jioni hiyo.

"Nilikuambia utafute boksi la pili," alisema Te Paea kutoka kiti cha mbele.

"Nilitafuta, dada."

"Wapi? Kitandani?"

Ailsa alishafungua boksi. "Hawa wamekuwa mawe kabisa. Tuwapange juu ya mirija, basi."

Nikalifunga boksi. Tuatara wale walisomewa dua alfajiri, walikuwa katika mwiko, na chakula hakigusi kitu cha mwiko. Kwetu hata kofia haiwekwi juu ya meza ya kulia, maana kichwa nacho ni cha mwiko. Ailsa alikuwa ameishi nasi miaka kumi, hakuhitaji kuambiwa.

"Nalijua hilo, Mama," alimwambia Te Paea taratibu. "Nawaambia tu linalosemwa na kipimajoto. Ikifika ishirini na sita, siwaahidi kitu." Akachukua simu, akapanda kilima kutafuta mtandao.

Tukabaki wawili. Maji ya kunywa tuliyamwaga kwenye taulo, tukafunika mirija, taulo zikakauka kama mkate. Ishirini na tatu. Nikalizunguka gari. Nikapiga teke gurudumu. Nikalizunguka tena kwa upande mwingine.

"Kaa chini, unaniongezea joto," alisema Te Paea.

"Naona Bibi hapumui."

"Hata akiwa mzima huwezi kumwona akipumua. Angekuwa anapumua kama unavyoongea, angekufa zamani."

Ishirini na nne. Hapo nikapata ujanja. "Dada, sikia. Tuwapoze kwa kome, Ailsa akirudi turudishe kome kwenye boksi. Wenyeji watakula, watafurahi. Nani atajua?"

Alinigeukia mzima mzima. "Mimi."

Sikuongea tena, na hilo likamwogopesha kuliko joto. Alishuka, akaegemea fimbo yake, akaenda nyuma ya gari kutazama. Ishirini na tano. Alitazama mirija, akatazama boksi. Midomo yake ilikuwa inawataja wapiga mbizi mmoja mmoja, mpaka wajukuu.

"Shusha," alisema.

"Nishushe nini?"

"Kome, Tiopira! Kuanzia sasa hiki si chakula. Hakuna mtu atakayekila, si mwenyeji, si mgeni, si wewe usiku kwa kujificha. Kitafukiwa. Tutaingia mikono mitupu na wewe ndiye utakayesema kwa nini."

Akasoma dua. Nikafunga mifuko ya kome kwa taulo, nikaipanga pande zote mbili za mirija, vidole vinaniuma kwa baridi. Nikakodoa macho kwenye kipimajoto mpaka yakatoka machozi. Kilikaa palepale muda wa kunyoa kondoo wawili. Halafu kikaanza kushuka.

Ailsa alirudi amebabuka pua, wenyeji amewapata kwa simu, na saa kumi gari lao likatufikia.

Jioni, jua bado juu, nilisimama uwanjani mbele ya watu mia mbili. Nikasema yote: barafu, boksi, njia ya mkato. Mzee wao, Rāwiri, alinisikiliza kichwa upande.

"Tiopira," alisema, "nimekusikia miaka thelathini. Huu ndio uongo wako mbovu kuliko wote."

Watu wakacheka. Te Paea akainuka, akaiweka mifuko iliyolowa chini, mbele yao. Kicheko kikakatika. Rāwiri aliitazama mifuko, akamtazama dada yangu, akaita watu wawili wenye majembe.

Walifukia kome msituni, ndani ya uzio. Kisha mirija ikafunguliwa. Tisa walitoka, wakaingia kwenye majani. Bibi alilala pale alipowekwa, hata ukope haukutikisika. Dakika tano. Dakika kumi. Ailsa alipiga magoti, akasema tusubiri. Mimi kusubiri sijajaliwa. Nikanyoosha mkono nimguse ubavuni tu.

Alining'ata kidole gumba, na taya zile hazijui kuachia.

"Yu hai!" nilipiga kelele. "Jamani, yu hai!"

"Usimvute, utamvunja meno," alisema Ailsa, analia na kucheka.

"Na mimi je?"

"Wewe tulia," alisema Te Paea. Aliketi kwenye nyasi kando yangu, akanyoosha miguu. "Kome tumewafukia, lakini mgeni mmoja amekula. Mwache amalize."

Nikatulia, Bibi kaning'inia kidoleni, mpaka alipoona inatosha.