Mgeni wa Darasa la Saba

Ulisikia, mwalimu. Usinifanyie uso wa mtu aliyetoka usingizini. Miaka saba binti yule anaitwa "Mgeni" mbele yako, nawe ukakodolea macho chaki yako. Mwalimu wa hesabu naye alifanya hivyo hivyo.

Jina alibandikwa darasa la kwanza, na mwalimu aliyedai kuwa jina lake la asili ya kwao linamkwaruza ulimi. Watoto wakacheka, likaganda. Amezaliwa zahanati ya nyuma ya shule, lakini Mgeni.

Siku ya mwisho ya kusajili watahiniwa, saa tisa na nusu alasiri, mama yake, fundi cherehani, aliingia ofisi ya walimu na utepe wa kupimia bado shingoni. Mkononi, cheti cha kuzaliwa.

"Walimu wangu, huyu Mgeni kwenye orodha ni nani?"

"Si mwanao, mama?" karani akashangaa. "Kwani Mgeni si jina? Shangazi yangu mwenyewe anaitwa Mgeni!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mwalimu wa hesabu naye alicheka, kwa mazoea tu. Mama hakucheka.

"Basi mwanangu atamfanyia mtihani shangazi yako."

Kicheko kikakatika. Orodha inafungwa saa kumi, na karani hagusi kitu bila saini ya mwalimu kuthibitisha jina.

"Tukibadilisha la huyu, wenzake wote watapanga foleni hapa," akasema mwalimu mkuu msaidizi bila kuinua kichwa. "Na majina yenu nayo, mama..." Akapunga mkono kama anayefukuza nzi.

Kalamu ilikuwa mbele ya mwalimu wa hesabu. Miaka mitatu amesahihisha madaftari ya binti yule, yote yakiwa yameandikwa 'Mgeni'. Akalitafuta jina kichwani. Hamna.

"Mama, nisamehe. Anaitwa nani?"

"Miaka yote hii, mwalimu?"

"Miaka yote hii."

Akatamkiwa. Akakosea, akarudishwa, akakosea tena. Saa kumi kasoro dakika nne aliandika herufi zote kumi na moja akifuata cheti, akatia saini.

"Utajibu wewe," msaidizi akafoka.

"Nitajibu." Akashuka na kidole kwenye orodha. "Na huyu 'Wa Ng'ambo', mzazi wake anapatikana wapi?"

Hakuna aliyejua. Saa kumi ikagonga. Wa Ng'ambo alifanya mtihani akiwa Wa Ng'ambo.

Rejista yako iko kwenye droo. Ifungue sasa hivi, kabla kengele haijalia, umwulize kila mtoto aliyebandikwa jina: unaitwa nani?