Mkuki wa Darasani

Mwalimu Maloba alipoingia na mkuki nilicheka. Mwanaume mzima, amefunga tai, ametoka Busia ya Kenya kuja Tororo kutufundisha sheria ya jinai, anabeba mkuki wa kuazima kama anakwenda kuwinda digidigi!

"Leo tunafanya kesi ya mfano," akasema. "Wizi wa ng'ombe. Oketcho ni mshtakiwa. Mama Amongin, wewe endesha mashtaka."

Kicheko kikanikauka. Mume wangu Okanya alikuwa gerezani kwa wizi wa ng'ombe wa Mzee Odoi, na aliyempeleka huko ni huyuhuyu Oketcho wa Rubongi. Alisimama mbele ya hakimu Mzungu, akashika Biblia, akaapa kwamba alimwona Okanya akiwaswaga ng'ombe kuelekea Malaba. Mwimba kwaya, nani angembishia? Hata mimi, Mungu anisamehe, nilianza kumtilia shaka mume wangu. Nikajiunga na kozi hii ya makarani wa baraza, mahakama ya wenyeji, mwanamke peke yangu, nijue namna ya kukata rufaa. Kumbe Oketcho naye amejiunga, na kutwa nzima nikawa nakitazama kisogo chake.

Mwalimu akaulaza mkuki sakafuni. Alikuwa amesikia kwamba huku kwetu mtu huapa kwa kuruka mkuki, akaona utanogesha somo. Hakuuliza mtu. Kwetu, anayeuruka kisha akasema uongo, atamzika mtoto wake. Kanisani tunajaa kila Jumapili, lakini Mungu wa Biblia anasamehe. Mkuki hausamehe.

"Mwalimu, hii hapana," Oketcho akasema. "Leta Biblia."

"Ni mchezo tu!"

"Mkuki haina mchezo."

Darasa likaangua kicheko. "Anaogopa! Ameiba kweli!" Nami hasira zikanipanda.

"Ruka, Oketcho," nikamwambia. "Au ng'ombe wamekukwama kooni?"

Akaruka. Nadhani ni aibu ya kuchekwa tu. Akasimama upande wa pili akitokwa na jasho, nami nikasoma swali langu ubaoni: je, uliiba ng'ombe hao? Jibu lake nalo lilikuwa limeandikwa pale pale: sikuiba. Akautazama mkuki. Mkewe Apendi alikuwa na mtoto mchanga nyumbani.

"Niliiba," akasema.

"Hapana, hapana," mwalimu akasema. "Mshtakiwa anakana. Soma ubao."

"Nakana namna gani, mwalimu? Nimeruka. Ng'ombe ya Odoi ni mimi naiba, mimi navusha Malaba, nauza Kenya. Okanya alikuwa kwake, nalala."

Nilipigwa na butwaa. Nikamsogelea.

"Si ulishika Biblia!" nikasema.

"Nilishika," akajibu polepole. "Haikunifanya kitu."

"Yaliyosemwa darasani si ushahidi," mwalimu akanong'ona. "Lazima ayaseme mwenyewe kwa hakimu."

Na kwa hakimu kuna nini? Biblia ileile. Oketcho naye somo hilo alikuwa amelielewa, maana alianza kukusanya vitabu vyake. Amesema kweli, mtoto wake amepona, na mume wangu aendelee kuponda mawe! Nilimchukia mpaka nikaona giza.

Niliuokota mkuki, nikaulaza kwenye kizingiti cha mlango. Kwetu mwanamke haugusi mkuki wa kiapo, lakini hakuna aliyethubutu kunikumbusha.

"Sema unakokwenda, kisha uruke," nikamwambia.

Akakaa. Tukakaa naye, wanafunzi wote, mpaka saa ya chakula. Ndipo tukamsikia Apendi nje, amemletea mumewe viazi, mtoto mgongoni. Akafika mlangoni, akashangaa mkuki, akainua mguu aingie.

"Apendi, usiruke na mtoto!" Oketcho akapiga ukelele, akasimama hata dawati likaanguka. Alikuwa analia. "Nakwenda kwa hakimu. Leo hii. Nasema yote, Okanya natoka."

Akauruka mkuki, akampita mkewe bila kumtazama, akashika njia ya mahakamani. Mwalimu akamfuata mbio.

Apendi akabaki mlangoni na kikapu chake. "Dada Amongin," akaniuliza, "mume wangu nakwenda wapi?"

Kati ya watu wote, aliniuliza mimi. Nikampokea mtoto, nikausogeza mkuki kwa mguu, apate kuingia.