Pombe ya Ngano na Zambarau

Mwaka wa sabini na tano nilikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, na nilikuwa nakaa kwa kaka yangu Mahona katika kijiji cha Mtakuja. Mume wangu na kaka walikuwa vibarua wa reli na walirudi mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo mtu niliyeshinda naye kutwa alikuwa mke wa kaka, wifi yangu Apolinaria, mpishi wa pombe.

Kijiji kilikuwa kipya. Tulikuwa tumehamishiwa pale mwaka mmoja kabla, kila ukoo kutoka upande wake, na watu walikuwa bado wanasalimiana kwa mashaka. Mwenyekiti wetu, Mzee Mfaume, alitaka sherehe ya Uhuru ya mwaka huo ituweke pamoja, tena wageni wa wilaya walikuwa wanakuja kutukagua. Alimwita wifi ofisini.

"Kibali cha kupika nakupa, mama," alimwambia. "Mtama sikupi. Mtama ni wa kula."

Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimetunyima, hivyo wifi hakubisha. Alichukua kibuyu cha asali akaenda Kwihara, nyumbani kwa Bi Tufaha. Wale ni Waarabu waliokaa pale tangu misafara ya Ujiji, na mpaka wakati huo walikuwa wakilima ngano kidogo bondeni kwa ajili ya mikate yao. Bi Tufaha alikuwa msibani mjini. Binti yake Nunu ndiye aliyeingia stoo na kumpimia wifi madebe mawili kwa ile asali. Hakuuliza ni ya nini, na wifi hakusema, maana ni nyumba ya Waislamu.

Tuliiosha ngano ile pamoja. Maji ya kwanza yalitoka na wekundu.

"Vumbi la Kwihara," alisema wifi. Tukayamwaga, tukaosha tena mara tatu, mpaka yakatoka meupe.

Ilichipua vizuri kuliko mtama wowote niliowahi kuuona. Wifi alianika kimea, akakisaga, akakipika, halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alikamua ndoo nzima ya zambarau na kumimina maji yake kwenye mapipa yote mawili. Alisema ngano peke yake ni pombe ya kizungu, haina uso. Siku tatu nyumba nzima ilinukia matunda na chachu.

Asubuhi ya tarehe tisa Desemba, kabla jua halijawa kali, alifunua pipa la kwanza. Povu lilikuwa zito, la rangi ya zambarau. Akachota kata moja, akanywa yote, akasimama amefumba macho. Kisha akachota nyingine.

"Onja," akaniambia. "Niambie kama ulimi wangu unanidanganya."

Siku hizo hakuna aliyemkataza mwenye mimba kuonja. Nilikunywa nusu kata. Mpaka leo naikumbuka ladha yake. Ilianza tamu, halafu ukali mdogo wa zambarau ukakamata pembeni mwa ulimi, na nyuma yake ngano, laini kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Haikuwa nzito kama pombe ya mtama. Nilitamani kumaliza kata. Wifi akaninyang'anya huku anacheka, akasema mtoto atazaliwa amelewa.

Vijana wa ngoma wakaja wakabeba pipa lile kwenda uwanja wa shule. La pili likabaki uani.

Hazikupita dakika nyingi, Nunu akaingia na baiskeli. Alikuwa ameendesha kutoka Kwihara bila kupumzika, ushungi umemwangukia mabegani, na baiskeli aliiachia ikaanguka.

"Shikamoo, mama Apolinaria. Ile ngano. Umeshaipika?"

"Marahaba. Kuna nini?"

"Ilikuwa mbegu," alisema Nunu. "Baba aliletewa na bwana shamba ili aipande, ikabaki. Imepakwa dawa nyekundu ya kuzuia ukungu. Gunia lina maandishi ya Kiingereza, mimi sikuyasoma. Mama alirudi wiki iliyopita, akawa anawapa kuku masalia. Mpaka leo wamekufa tisa."

Nilimwangalia wifi, naye akaniangalia tumboni. Alikwenda nyuma ya nyumba, akaingiza vidole kooni. Nikamfuata, nikafanya vilevile, nikatapika mpaka nikaona nyongo. Mtoto alikuwa akipiga teke. Nilishika tumbo kwa mikono miwili, nikahesabu mateke yale, nikiogopa kila lililochelewa.

Wifi alinawa uso. "Pipa moja liko shuleni," alisema, akamwachia Nunu lile la uani alimwage.

Tulimkuta Mzee Mfaume njiani, amevaa shati lake la sherehe, anakwenda kupokea wageni. Wifi alimweleza kwa maneno machache. Rangi ilimtoka mzee wa watu.

"Wageni wa wilaya wako njiani," alisema kwa sauti ya chini. "Unajua watakavyosema? Watasema kijiji kilitaka kuwaua. Mimi na wewe tutaozea ndani." Akatazama nyuma kana kwamba kuna mtu anasikia. "Kamwage kimyakimya. Sema imechacha vibaya. Waliokwisha kunywa wamekwisha kunywa, pengine haina nguvu."

"Imeua kuku tisa, mzee."

"Kuku ni kuku."

Nilimwona wifi anasita. Baadaye aliniambia kwamba pale njiani aliogopa kuliko alivyoogopa sumu yenyewe. Alijiona amefungwa pingu, na watoto wake wawili wanalelewa na watu. Kama angekubali, hakuna ambaye angejua. Lakini tuliisikia ngoma imeanza shuleni, na ngoma ikianza watu hunywa. Akakunja khanga kiunoni, akakimbia. Mimi nikamfuata kwa kutembea, mkono tumboni.

Nilipofika, alikuwa amesimama mbele ya pipa, amelikumbatia. Abasi, mpigaji wetu wa ngoma kubwa, alikuwa na kata mkononi, na si ya kwanza.

"Iteme, shemeji," wifi alikuwa anamwambia. "Iteme. Ngano niliyopikia ina sumu. Sikujua. Nimekunywa na mimi, kata mbili. Aliyekunywa aende akatapike sasa hivi."

Ngoma zikakoma moja moja. Watu walimtazama bila kuelewa. Halafu mwanamke mmoja wa ukoo tusioufahamu akasema, si kwa kelele, "Tulijua tangu mwanzo yule ni mchawi," na maneno yale yakapita katika kundi zima. Mtu akaokota jiwe. Nilijisogeza nikasimama karibu na wifi, si kwa ushujaa. Nilikuwa nimechoka kwa mwendo na pipa ndilo lilikuwa la kuegemea.

Aliyetuokoa ni Nunu. Alifika na baiskeli, akajipenyeza katikati, akasema, "Ngano niliipima mimi. Kama kuna wa kupigwa ni mimi." Watu wakamtazama binti yule wa Kiarabu ambaye hakuna aliyemlazimisha kuja, na aliyeokota jiwe akaliachia. Wifi akalisukuma pipa. Pombe ikatawanyika uwanjani, ya rangi ya zambarau, povu lake likichelewa kuzama kwenye mchanga.

Ndipo Landrova ya wageni ikaingia.

Mzee Mfaume hakuozea ndani. Wageni waliposikia, walitupakia sisi tuliokunywa, watu sita, wakatupeleka hospitali Tabora. Daktari alilisoma lile gunia ambalo baba yake Nunu alilileta mwenyewe, akalisoma mara mbili.

"Sumu hii haina haraka," alituambia. "Inakaa mwilini. Mkiona ganzi vidoleni au mdomoni, mkiona macho yanafifia, mje. Inaweza kuchukua wiki kadhaa."

"Na mtoto?" niliuliza.

Akafunga faili. "Tutasubiri, mama."

Wifi walimweka polisi siku tatu kwa mahojiano. Bi Tufaha na bintiye walikwenda wakaandikisha maelezo, na aliachiwa. Alirudi amekonda. Tangu siku ile nyumba yetu ilikuwa nyumba ya watu wanaojibonyeza vidole. Nilikuwa nikiamka nagusa midomo. Nikikalia mguu ukafa ganzi, moyo uliruka. Wifi alikuwa akichomoa mwiba wa mchungwa na kujichoma ncha za vidole kimoja baada ya kingine, na akimaliza vyake anashika vyangu. Hatukuzungumza habari ya mtoto. Aliponipita alikuwa anaweka kiganja tumboni mwangu, anangoja teke, anaendelea na kazi.

Ganzi ilimpata Abasi. Mwezi wa Januari alianza kuangusha kijiko, kisha akashindwa kufunga vifungo. Daktari alisema alikunywa kata tano. Hakufa, lakini mikono yake haikurudi sawasawa, na ngoma kubwa akapewa mtu mwingine. Wifi alikwenda kwake kuomba radhi. Abasi alimsikiliza, akamwambia, "Ungechelewa kidogo ningemaliza pipa," halafu akageukia ukutani. Hakumwambia amemsamehe, wala hakumfukuza. Msimu ule na misimu miwili iliyofuata, wifi alimlimia shamba la tumbaku kabla ya kugusa la kwake.

Binti yangu alizaliwa mwanzoni mwa Februari, akilia vizuri. Hilo halikunitosha. Nilikuwa nagonga sufuria nyuma ya kichwa chake nione kama atashtuka. Nilipitisha kibatari mbele ya macho yake mpaka wifi akaninyang'anya. Alipochelewa kukaa nililia wiki nzima, na alipokaa nikaanza kuogopa kwamba hatatembea. Alitembea akiwa na miezi kumi na minne. Alitoka mlangoni kwa wifi, akaja kwangu hatua nne, akaanguka, akainuka mwenyewe.

Wifi alikuwa anachambua mchicha. Aliangalia, akajifunika uso kwa khanga, akabaki hivyo muda mrefu, na mimi sikumwita.