Bibi wa Mlangoni mwa Duara

Kwa wiki nzima Vumilia alikiandaa kisa hicho akinuia jambo moja tu: kifike mwisho kabla ya basi la jioni. Katika mchezo wao wa mezani yeye alisimulia, wenziwe wakajivika uhusika, na penye mashaka dadu ikaamua. Visa vyake vyote vya awali vilikatikia njiani. Sasa kaka yake, Masele, alikuwa anahamia kazini Kahama kwa basi hilo, naye alikwisha kusema kwamba hadithi isiyo na mwisho hatakaa kuisikiliza tena.

Jumamosi mchana walikutana sebuleni kwa Vumilia, mtaa wa Kalangalala: Masele, na majirani wawili, Swaumu na Doto.

"Mmefika kwenye duara, shimo la machimbo lililoachwa na wachimbaji," Vumilia alianza. "Ndani amejificha fahali anayeharibu mashamba. Mlangoni ameketi bibi kizee."

Bibi huyo aliwekwa aonyeshe njia tu; mapango yenye hatari yaliwangoja ndani.

"Mwadila, mayu," Masele alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma, kwa unyenyekevu.

"Mwadila," Vumilia aliitikia kwa sauti ya kizee.

Doto akauliza habari za nyumbani, Swaumu za mvua. Masele akataka kujua ukoo wa bibi.

"Jamani, fahali anawasubiri."

"Asubiri," alisema Doto. "Tumpite mtu mzima kama mbuzi?"

"Msukuma gani wewe," Masele alimtania dada yake, "unatuharakisha kwenye salamu?"

Alasiri ikawa inayoyoma. Kosa lilikuwa lake Vumilia: alimweka mzee mlangoni, akasahau watu wake hufanya nini mbele ya mzee. Kumwondoa bibi kungekuwa utovu wa adabu. Basi kimoyomoyo akayafuta mapango yote, na siri iliyokuwa ndani yake akaitia kinywani mwa bibi.

"Na ng'ombe, bibi, hawajambo?" aliuliza Swaumu.

"Hawajambo, isipokuwa mmoja. Nilimlea kwa mkono wangu, nikamwita Radi. Watu walimpiga, akakimbilia humo. Tangu hapo hajasikia mtu akimwita kwa jina."



"Nauacha mkuki wangu hapa mlangoni," Masele alisema polepole. "Naingia, namwita Radi."

Akarusha dadu. Ikasimama kwenye sita. Fahali akatoka, akamfuata bibi hadi zizini.

"Ndio mwisho?" aliuliza Swaumu.

"Ndio mwisho."

Masele alichukua begi lake, lakini hakuelekea mlangoni.

"Kahama sitakosa wa kucheza nao," alisema. "Hebu nieleze, kisa kama hiki kinaandaliwaje?"

Vumilia alimvutia kiti. "Keti. Basi bado."